Zawadi ya Mteja wa Uchina: Mashine ya Saa Ibaki Lamu

Mwezi huu nimepokea barua tatu zinazogusa jambo moja, nami nimeona vyema nizijibu pamoja. Ya kwanza nimeijibu kwa mapana kuliko nyingine, kwa sababu mwenye barua ana safari iliyo karibu na tayari ameshatengeneza zawadi ambayo hana budi kuibadilisha kabla hajaondoka.

SWALI: Assalamu alaikum, Mshauri. Mimi ni fundi na mfanyabiashara wa samani za kuchonga hapa Langoni, Lamu. Kwa miaka miwili sasa nimekuwa nikiiuzia milango midogo, viti vya enzi na fremu za kioo kampuni moja ya Guangzhou inayopamba hoteli na mikahawa. Mkurugenzi wao, bibi wa makamo, alifika Lamu na akashinda karakanani kwangu kutwa nzima akiwatazama vijana wakichonga. Sasa wamenialika kwao mwezi wa Oktoba, wakati wa maonyesho makubwa ya biashara, tuzungumze juu ya oda ya mwaka ujao. Nitakutana na mkurugenzi huyo, naibu wake ambaye ni kijana, na mkalimani wao. Sitaki kwenda mikono mitupu, maana kwetu mtu haingii nyumba ya mwenzake namna hiyo. Mkurugenzi nimemtengenezea saa ya ukutani yenye fremu ya msaji iliyochongwa nakshi za kwetu, kazi ya wiki tatu. Naibu nimemwekea jambia dogo la mapambo. Mkalimani nimefikiri kumpa sahani kongwe ya Kichina iliyo nyumbani tangu enzi za babu, nikiamini atafurahi kuona kitu cha kwao. Mwenzangu mmoja ameniambia Mchina hapewi saa, lakini hakuweza kunieleza sababu. Naomba uniongoze. Fundi wa Langoni.

JIBU: Wa alaikum salaam, fundi. Mwenzako amekwambia kweli, na sababu yake iko katika matamshi. Kwa Kichina, kumpa mtu saa ya ukutani au ya mezani huitwa «song zhong», na maneno hayo husikika sawasawa na maneno mengine yenye maana ya kumsindikiza mzazi anayekata roho na kumtimizia haki zake za mwisho. Hata mtu asiyeamini nuksi hatapenda kuyasikia masikioni mwake siku anapopokea mgeni, sembuse mama wa makamo mwenye kampuni mbele ya wafanyakazi wake. Sisi tuna neno moja tu, saa, kwa ile ya ukutani na ile ya mkononi, ndiyo maana jambo hili hutupita. Wao wana maneno mawili, na saa ya mkononi huitwa kwa jina jingine lisilo na mushkili huo. Hata hivyo sikushauri uingie katika tofauti hizo, kwani ukishahitaji mkalimani akuelezee kwamba zawadi yako si kisirani, zawadi yenyewe imekwisha kuharibika.

Lakini kazi ya wiki tatu haitupwi. Ichukue fremu yako, ng'oa mashine ya saa pamoja na akrabu zake, kisha tazama lile tundu dogo linalobaki katikati. Lizibe kwa kijiti cha msaji uleule, ukilinganisha mshipa wa mbao ili kiraka kisionekane, na katika duara palipokuwa na tarakimu uchonge ua la yungiyungi lenye petali nane. Wewe hulihitaji kufundishwa ua hilo, maana liko kwenye vizingiti na nguzo za katikati za milango ya mji wako. Yungiyungi ni ua linaloheshimiwa sana Uchina tangu kale, na nane ndiyo namba wanayoipenda kuliko zote, kwa kuwa matamshi yake yanakaribiana na neno la kutajirika. Ulichokuwa nacho kilikuwa saa. Utakachopeleka ni nakshi ya ukutani iliyochongwa na mkono ambao mkurugenzi aliuona kwa macho yake ukifanya kazi. Usishawishike kuweka kioo badala ya saa. Kioo huvunjika, na wako wengi kwao wasiopenda kukipokea kama zawadi.

Jambia liache. Kisu, mkasi na kila chenye makali huchukuliwa kuwa ishara ya kukata uhusiano, na wewe unakwenda kuufunga. Zaidi ya hapo, utajitia katika maswali ya bure kwenye viwanja vya ndege kwa kitu ambacho mwenyewe unakiita pambo.

Kuhusu sahani ya babu, hapo nakusihi kwa moyo wote. Ninaelewa ulivyofikiri, kwa kuwa ufinyanzi wa Kichina ni sehemu ya historia yetu. Uko katika magofu ya Gede, na nguzo ya kaburi la Mambrui ilipambwa kwa mabakuli ya enzi za wafalme wa Ming wa Uchina. Lakini kwa sababu hiyohiyo, vitu vya kale haviondoki Kenya kiholela. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006 inataka kibali kwa anayetaka kuvipeleka nje, na sahani yenye umri huo inaweza kuzuiwa na wewe ukazuiwa nayo. Hata kama sheria isingekuwapo, ningekushauri hivyohivyo: sahani hiyo imevuka bahari mara moja ikafika kwa babu zako, na mahali pake sasa ni kwenye kidaka cha nyumba yenu. Neno hili linawahusu pia wanaonunua pete na vidani vya fedha vilivyotiwa vigae vya Kichina katika maduka ya masonara wa Lamu. Ni kazi nzuri nami ninaipenda, lakini kumkabidhi mtu wa biashara kipande cha chombo kilichovunjika si fali njema, na kama kigae chenyewe ni cha kale kweli, tunarudi palepale penye sheria.

Sasa tuzungumze juu ya cha kupeleka. Mbali na nakshi yako ya mkurugenzi, kampuni nzima ipelekee zawadi moja ya pamoja, na kwa mtu wa Lamu sioni inayoshinda jahazi dogo la mbao lenye tanga lililotwekwa. Wachina wana msemo wanaowatakia watu wanaoanza safari au biashara, «yi fan feng shun», yaani tanga moja na upepo wa kufuata, mambo yaende bila kukwama. Sanamu ya chombo chenye tanga ni pambo la kawaida katika ofisi zao kwa sababu hiyo, na jahazi letu lina tanga moja kubwa kama msemo wenyewe usemavyo. Tazama pia omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo. Majahazi ya Lamu huwekwa macho, yale mabamba ya mviringo yenye mwezi na nyota yanayokaa pande mbili za omo, na merikebu za jadi za Kichina nazo zilichorwa macho mahali palepale. Mwambie mchongaji asiyasahau. Nina hakika mkurugenzi atayaona kabla hujatamka neno, na hayo ndiyo mazungumzo unayotaka yaanze.

Chombo kisizidi urefu wa mkono wako kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Mlingoti na foromali, ule mti unaobeba tanga, vitengenezwe kwa namna ya kuchomoka, tanga likunjwe, na kila kipande kifungwe kwa kitambaa, maana nimeona majahazi mazuri yakifika ng'ambo na mlingoti uliovunjika, na mlingoti uliovunjika kwa mtu wa biashara ni habari mbaya katika lugha yoyote. Mbao iwe imekauka vizuri, imepigwa msasa na kutiwa mafuta, bila ganda wala tundu la mdudu, kwa kuwa wakaguzi wa mimea na wanyama wa Uchina hawana mzaha. Siku ya kulikabidhi, liweke mezani omo ikielekea ndani ya chumba wala si mlangoni, kwa kuwa wako wanaoamini kwamba chombo kinachoelekea ndani kinaleta mali na kinachoelekea nje kinaiondoa. Huhitaji kuyaamini hayo wewe mwenyewe; inatosha kwamba mwenye ofisi hatajiuliza.

Naibu na mkalimani wapelekee kitu chepesi. Kahawa ya Kenya iliyokaangwa na kufungwa vizuri ni zawadi nzuri kwa kijana wa mji mkubwa wa Uchina, kwa kuwa vijana wa huko wamekuwa wanywaji hodari wa kahawa. Majani ya chai pia yanafaa, ingawa wengi huniuliza vipi mtu apeleke chai katika nchi iliyowafundisha wengine kuinywa. Jibu langu ni kwamba uwapelekee ile wasiyo nayo. Chai yetu ya zambarau ilitokana na utafiti uliofanywa Kericho na ikatolewa kwa wakulima mwaka wa 2011, na mpenzi wa chai atataka kuionja kwa kuwa ni ngeni kwake. Mpe kila mmoja pakiti mbili. Vitu viwiliviwili huashiria jambo la heri, ilhali vinne havitolewi kamwe, kwa sababu neno la nne linakaribia kabisa kusikika kama neno la kifo.

Haya ya namba na rangi sikuyasoma tu. Safari yangu ya kwanza Guangzhou nilimpelekea mwenyeji wangu dele la shaba na vikombe vinne vya kahawa, vile vidogo visivyo na mkono, nikavifunga kwa karatasi nyeupe niliyoiona safi na ya heshima. Alivipokea kwa mikono miwili, akanishukuru, akaviweka kando. Siku ya tatu mkalimani wake alinichukua kula chakula cha mchana na akanieleza kwa upole, akitazama bakuli lake muda wote, kwamba nyeupe kwao ni rangi ya msiba na vinne ni idadi ya msiba, na kwamba bwana yule alikuwa amejua kuwa mimi sikujua. Nilimshukuru sana kijana yule. Tangu siku hiyo ninafunga zawadi zangu kwa karatasi nyekundu au ya dhahabu, na sijaingia tena nchi ya watu bila kuuliza.

Usizifunge zawadi ukiwa bado Lamu, kwani maofisa wa forodha watazifungua na karatasi itachanika. Zisafirishe zikiwa wazi, kisha ununue mifuko myekundu na karatasi hukohuko ukishafika hotelini. Kabla ya yote, geuza kila kitu chini utazame chapa. Vitu vingi vinavyouzwa madukani kwetu kama kumbukumbu za Pwani vimetoka viwandani Uchina, na hakuna fedheha inayozidi kumrudishia mtu kitu cha kwao ukidai ni cha kwenu.

Namna ya kukabidhi haitakuwa ngumu kwako, kwa kuwa haiko mbali na adabu tulizolelewa nazo. Toa kwa mikono miwili, na upokee kwa mikono miwili, hata kadi ya biashara. Anza na mkubwa wao. Jahazi la kampuni lipeleke mbele ya wote; nakshi ya mkurugenzi na pakiti za kahawa zinaweza kukabidhiwa baada ya chakula, mazungumzo ya bei yakiwa yamekwisha, kwa sababu zawadi inayotangulia bei huonekana kama chambo. Usimpe mdogo kitu kinachofanana na cha mkubwa wake, wala usimpe mmoja mbele ya wengine ukiwa huna cha wale wengine. Huenda mkurugenzi akakataa mara ya kwanza, na pengine ya pili. Mbembeleze kwa utulivu, kama unavyombembeleza mgeni anayesema ameshiba. Akishapokea, huenda akaiweka kando bila kuifungua. Hakudharau. Wengi wao hawafungui zawadi mbele ya aliyeitoa, wasije wakaonyesha usoni jambo lisilostahili, na nadhani wazee wetu wa Lamu wangeielewa stara hiyo vizuri.

Usichague pia kibanda cha maonyesho kuwa mahali pa kutolea. Maonyesho ya Guangzhou yamekuwapo tangu 1957 na hufanyika mara mbili kwa mwaka, na mwenye kibanda siku hizo hana hata nafasi ya kunywa maji. Panga siku ya ofisi au ya mlo. Tarehe ya 1 Oktoba ni sikukuu yao ya taifa na ofisi hufungwa kwa siku kadhaa, basi uliza kabla ya kununua tikiti.

Jambo la mwisho kwako ni thamani. Kwao mtu aliyepokea hubaki na deni la kurudisha cha kulingana, na ukimpa kitu cha ghali mno umemtwika mzigo. Mimi binafsi sivuki shilingi 5,000 kwa mtu mmoja. Kama kampuni ni ya serikali, uwe mwangalifu zaidi, maana tangu Desemba 2012 chama kinachotawala kiliweka masharti manane dhidi ya ubadhirifu, na maofisa wengi huogopa kuonekana na zawadi ya mtu mmojammoja. Hapo toa kwa ofisi, hadharani, na si kwa mtu. Hapa kwetu pia ipo Sheria ya Hongo ya 2016, nayo inazihusu biashara binafsi. Nakshi iliyotoka mkononi mwako haina mashaka hayo. Bahasha ya pesa inayo.

SWALI: Mshauri, shikamoo. Mimi ni mwanamke mwenye kampuni ndogo ya kutembeza watalii Malindi. Mteja wangu wa Shanghai, mama mwenzangu ambaye huniletea vikundi vya wageni, amenialika nyumbani kwake kwa chakula cha jioni. Anaishi na mumewe, mtoto wao wa kiume wa miaka sita, na mama mkwe. Nimewaandalia leso kwa ajili yake, makubadhi ya shanga kwa mama mkwe, kofia ya ukili ya kijani kwa mumewe, na maembe ngowe ya shambani kwetu kwa wote. Mtoto sijui nimpe nini. Je, nimepatia? Mama wa Malindi.

JIBU: Marahaba, dada yangu. Umepatia moja, na hiyo moja ni nzuri sana.

Nianze na ile ya hatari. Kofia ya kijani usiitoe sandukuni, na bora isiingie sandukuni kabisa. Kwa Kichina, kumsema mwanamume kwamba amevaa kofia ya kijani ni kusema mkewe anatembea nje ya ndoa. Kumvisha hivyo mume wa mteja wako, mezani pake, mbele ya mama yake mzazi! Kama moyo wako uko kwenye kazi ya ukili, mpelekee mkoba au mkeka wa mezani, wa rangi yoyote ya furaha. Makubadhi nayo yaache: neno lao la viatu linasikika sawa na neno la uovu, tena wengine husema ukimpa mtu viatu umempa njia ya kukuondokea.

Maembe yataishia kwenye pipa la uwanja wa ndege. Uchina hairuhusu msafiri kuingia na matunda mabichi, mboga, nyama, maziwa, mayai wala mbegu, na wakaguzi wao hutumia mashine na mbwa. Kwa sababu ya maziwa na mafuta yake, hata halwa yenye samli nisingeibeba. Ukitaka kuingia na matunda, na ni desturi njema ya mgeni wa nyumbani, yanunue Shanghai siku hiyohiyo. Nunua matufaha, ambayo jina lake linaanza na sauti ya neno la amani, au machungwa. Yawe sita au manane. Mapeasi usiyaguse, kwani jina lake linasikika kama neno la kutengana.

Leso ndiyo uliyopatia. Doti ni jozi, na jozi ni heri kwao kama nilivyomweleza fundi wa Langoni. Chagua yenye wekundu mwingi. Nyeupe na nyeusi tupu uziache dukani. Jina, yaani maneno ya kwenye leso, lisome mara mbili kabla ya kulipa, kwa sababu leso zetu nyingi zina mafumbo ya kuchokozana na majirani, na siku moja mteja wako atamwonyesha Mswahili mwingine amtafsirie. Tafuta jina la dua au la shukrani, uliandike kwenye kadi pamoja na tafsiri yake ya Kichina. Kisha usiikate. Pinda ncha mbili za nje tu, vipande viwili vibaki vimeshikana, ukamwonyeshe kwa mikono yako kwamba vilizaliwa pamoja na kwamba yeye ndiye atakayeamua kama vitengane. Mwambie mkalimani pia asiitafsiri leso kwa neno la kitambaa cha mkononi. Neno letu lilitoka huko kweli, kwa Wareno, lakini kitambaa cha kufutia machozi kwao ni cha mazishini. Aseme ni nguo ya kuvaa ya wanawake wa Pwani.

Mama mkwe atangulizwe, kwa zawadi na kwa salamu. Mpelekee chai ya zambarau, pakiti mbili katika sanduku zuri, umkabidhi yeye kwanza kabla ya mteja wako. Mteja wako hatasikitika hata kidogo.

Na mtoto? Dada, wewe unatoka Malindi. Mwaka wa 1415 ujumbe kutoka Malindi ulimfikishia mfalme Yongle wa Uchina twiga aliye hai, nao watu wa kasri walimpokea kama «qilin», mnyama wa heri wa hadithi zao ambaye huonekana tu zama za mtawala mwema. Msafara wa Zheng He, amiri wa bahari aliyezaliwa katika familia ya Kiislamu huko Yunnan, ulikuja baadaye kuwarudisha wajumbe kwao. Miaka mia sita imepita, na mwaka wa 2010 watafiti wa Kichina na wa Kenya waliokuwa wakichimba karibu na Mambrui waliokota sarafu ya shaba yenye jina la enzi ya Yongle, yenye tundu la mraba katikati. Nenda kwa wachongaji wa Malindi ukachague twiga wawili wadogo wa mbao, mmoja mrefu kidogo kuliko mwenzake. Shika kila mmoja shingo uhakikishe haina ufa, kwa kuwa hapo ndipo wanapokatika. Andika habari hii kwa sentensi nne kwenye kadi nyekundu, itafsiriwe na mtu anayekijua Kichina vizuri, na utie wino mweusi au wa dhahabu, kwani jina la mtu haliandikwi kwa wino mwekundu. Mtoto wa miaka sita atacheza na twiga. Baba na bibi yake watasoma kadi, na mwaliko wako wa kuwaleta wageni Malindi utakuwa umejieleza bila wewe kutaja biashara mezani.

Tahadhari moja ya haraka kwa yeyote anayenunua mapambo ya Pwani: pembe za ndovu na magamba ya ng'amba, hata kipande kidogo cha kikuku, ni marufuku kuvusha mipaka. Uchina yenyewe ilifunga biashara yake ya ndani ya pembe mwishoni mwa 2017. Muuzaji akikwambia ni kitu kikongwe na hakina neno, ondoka dukani.

SWALI: Mimi ni kijana wa Mokowe, ninaagiza vigae vya sakafu kutoka Foshan. Safari iliyopita nilimpa mwenyeji wangu pakiti za kahawa, akakataa, nikasisitiza, akakataa tena, nikazirudisha mkobani kwa kumheshimu. Tangu hapo naona amepoa. Naye alinipa chupa mbili za pombe kali katika sanduku la kifahari, nami ni Mwislamu; nilizipokea kwa kuona haya, nikaziacha hotelini. Nilikosea wapi, na nifanye nini nikirudi?

JIBU: Kijana wangu, kosa la kahawa ni dogo. Yeye alikataa kwa adabu, wewe ukamtii kwa adabu, na kila mmoja akaondoka akidhani mwenzake hakutaka. Nenda nayo tena safari hii, itie katika mfuko mwekundu, na umwambie kwamba mara ya kwanza hukujua desturi na umekuja nayo tena kutoka Kenya kwa ajili yake. Akikataa mara mbili, subiri ya tatu. Akikataa ya tatu kwa uzito, huku akitaja kanuni za kampuni yake, hapo ndipo urudishe.

Chupa ni jambo jingine. Hukmu ya kuzipokea muulize shekhe wako, mimi ninasema juu ya muamala tu. Alikupa pombe kwa sababu huko ndiyo zawadi ya heshima kati ya wanaume wa biashara, na hakuna aliyemwambia. Mweleze mapema, kupitia mkalimani au kwa ujumbe wa WeChat kabla hujasafiri, kwamba wewe ni Mwislamu, hunywi, na utafurahi kumwinulia kikombe cha chai mezani. Hatashangaa. Uchina ina mamilioni ya Waislamu, Wahui miongoni mwao, na mikahawa yao yenye maandishi ya «qingzhen», yaani chakula cha halali, inajulikana kila mji. Guangzhou, mwendo mfupi kutoka Foshan, upo msikiti wa Huaisheng, ambao ni miongoni mwa misikiti mikongwe kabisa ya nchi hiyo. Ukipata Ijumaa huko, mwambie mwenyeji wako unakwenda kuswali na umwonyeshe picha ya mnara wake. Safari itakayofuata atakuletea sanduku la majani ya chai. Lipokee kwa mikono miwili, na usilifungue mpaka ufike hotelini.